Taya la Panya na Mahali Alipoishi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi, na wageni wetu nyote,

Kitu ninachokizungumzia leo kinaweza kulazwa juu ya ukucha wa kidole gumba. Nusu moja ya taya la chini la panya mdogo wa nyumbani, Mus musculus, ina urefu wa sentimita moja na kidogo, na mtu akiidondosha sakafuni huenda asiione tena. Pamoja na udogo huo, mfupa huu umepigwa picha na kupimwa na watafiti kwa miongo mingi, kwa kuwa ni miongoni mwa mifupa michache ambayo muundo wake, kazi yake na urithi wake vimechunguzwa kwa pamoja. Ukipanga mezani mataya ya spishi moja ya mgugunaji, yaani mnyama wa jamii ya panya, wa porini yaliyokusanywa kutoka pande mbalimbali za eneo analoishi, mara nyingi utaona kwamba hayalingani kwa ukubwa, na ukitazama vizuri zaidi, hayalingani hata kwa umbo. Ninachouliza ni kwamba tofauti hiyo ya mahali na mahali inatokana na nini, na tuiamini kwa kiasi gani.

Nitataja msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Naona tumekuwa wepesi mno wa kuona tofauti ya taya na papo hapo kuiita mageuko ya kukabiliana na mazingira. Taya ni mfupa hai unaojengwa na kubomolewa katika maisha yote ya mnyama, na kile tunachokipima siku panya anapokufa ni mchanganyiko wa alichorithi, alichokula, umri aliofikia na bahati ya wazee wake waliofika mahali pale. Kuvitenganisha vitu hivi kunawezekana, lakini ni kazi, na kazi hiyo haiwezi kurukwa.

Nianze na mfupa wenyewe. Wagugunaji ni takriban asilimia 40 ya spishi zote za mamalia, na wote wana mpango mmoja wa kinywa: jozi moja ya meno ya mbele juu na jozi moja chini, hakuna chonge, kisha pengo, kisha magego. Panya wa nyumbani ana meno 16 tu, yaani manne ya mbele na magego 12. Meno ya mbele hayaachi kukua, na kwa kuwa enameli ngumu imefunika upande wa mbele peke yake, ilhali nyuma yake ni dentini iliyo laini zaidi, jino hujinoa lenyewe kila linaposuguana na mwenzake. Mzizi wa jino la mbele la chini haukomei chini ya jino linaloonekana. Umepinda ndani ya taya na kupita chini ya magego hadi nyuma yake. Kwa hiyo tunapozungumzia umbo la taya la panya, kwa sehemu kubwa tunazungumzia ala ya jino moja refu lililopinda, iliyoongezewa sehemu za kushikilia misuli.

Sehemu hizo ziko nyuma, na ni tatu. Kuna chomozo la juu ambapo msuli wa kipanja hujishikiza, kuna kifundo kinachoingia kwenye kiungo cha fuvu, na kuna pembe ya chini ambayo hubeba misuli mikubwa ya shavu. Mhandisi angeliona taya hili kuwa ni wenzo: kiungo ni egemeo, misuli hutoa jitihada, na chakula ni mzigo. Umbali kutoka egemeo hadi ncha ya jino la mbele ni mrefu kuliko umbali kutoka egemeo hadi kwenye gego, na ndiyo maana nguvu ileile ya msuli huuma zaidi kwenye magego kuliko kwenye meno ya mbele. Isitoshe, mgugunaji hawezi kuguguna na kutafuna kwa wakati mmoja, kwa sababu taya la chini likisogezwa mbele ili meno ya mbele yakutane, magego huachana, na likirudishwa nyuma mambo hugeuka. Badiliko dogo la pembe ya chini au la kimo cha chomozo la juu, hata kama ni sehemu ndogo ya milimita, linaweza kuongeza nguvu ya kuguguna na kupunguza wepesi wa kutafuna, au kinyume chake. Hapa ndipo hoja ya mageuko inapopata mvuto wake, na sikatai kwamba ni mvuto wa haki, kwa kuwa tofauti hizi zina matokeo kwa mnyama anayepaswa kula kila siku.

Sasa, tunapimaje? Zamani watu walichukua kalipa, kifaa cha kupimia vitu vidogo, na kuandika urefu, kimo na upana, na kila kipimo kilichanganya ukubwa na umbo kiasi kwamba taya kubwa lilionekana tofauti kwa kila hali hata kama lilikuwa nakala iliyokuzwa ya lile dogo. Siku hizi tunapiga picha ya upande mmoja wa taya, tunaweka alama kwenye sehemu zinazotambulika kwa uhakika katika kila sampuli, kama vile ukingo wa tundu la jino au ncha ya chomozo, kisha kompyuta huyasogeza mataya yote hadi yawe na kitovu kimoja, huyapa kipimo kimoja cha ukubwa na kuyazungusha hadi alama zikaribiane kadiri iwezekanavyo. Tofauti inayobaki ndiyo umbo. Njia hii imepewa jina la Procrustes, yule mnyang'anyi wa hadithi za Wagiriki aliyewavuta au kuwakata wageni wake ili watoshe kitandani, na nadhani aliyechagua jina hilo alikuwa na ucheshi wa kikatili kidogo. Wengine hufuata mstari mzima wa nje wa taya badala ya alama chache, na kuueleza kwa hesabu za mawimbi. Njia zote mbili ni nzuri, na sitapoteza muda wenu kuzishindanisha.

Jambo ninalotaka kulikalia ni kwamba kuondoa ukubwa kwa njia hii hakuondoi athari ya kukua. Taya la mtoto si taya la mzazi lililopunguzwa, kwa kuwa jinsi mnyama anavyokua ndivyo sehemu za nyuma, zile zinazoshikilia misuli, zinavyorefuka na kukomaa zaidi. Fikirini sampuli mbili za spishi moja katika nchi yenye majira ya baridi kali. Ya kwanza imenaswa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wakati karibu kila panya aliyebaki ni yule aliyevuka baridi na sasa ni mtu mzima. Ya pili imenaswa mwishoni mwa kiangazi, mahali pengine, wakati mashimo yamejaa watoto wa mwaka huo. Mchunguzi asiyeuliza umri atapata tofauti kubwa na ya wazi baina ya sehemu hizo mbili, ataichora kwenye ramani, na ramani hiyo itakuwa imeonyesha tarehe za mitego yake. Kuna dawa, nayo ni kukadiria umri kwa kutazama kiasi magego yalivyochakaa, na kulinganisha wakubwa kwa wakubwa. Inachosha, lakini utafiti ulioiruka hatua hiyo mimi huusoma nikiwa na penseli mkononi.

Halafu kuna chakula. Mfupa hujibu mvutano wa misuli, na panya aliyetafuna vitu vigumu tangu alipoachishwa ziwa huota taya lililo tofauti na la ndugu yake aliyelishwa uji wa chakula kilekile. Jambo hili limejaribiwa mara nyingi katika maabara. Mwaka 2014 Philip Anderson, Sabrina Renaud na Emily Rayfield walichapisha utafiti uliolinganisha panya wa maabara waliokuzwa kwa chakula kigumu na waliokuzwa kwa chakula laini, na walionyesha kwamba tofauti ya umbo iliyotokea ilikuwa na maana katika hesabu za wenzo: waliotafuna vigumu walikuwa na taya lenye manufaa zaidi ya kimakanika. Tafakarini uzito wa jambo hilo. Taya liliboreka kwa kazi yake, lilibadilika upande ule ambao mtaalamu wa mageuko angetabiri, na hakuna jeni hata moja iliyoteuliwa. Kama panya wale wangekuwa wa porini, kundi moja likiishi penye mbegu ngumu na jingine penye chakula laini, tungeandika makala ya kusifu uteuzi asilia, na tungekuwa tumekosea.

Nisieleweke kwamba kila tofauti ni ya chakula. Panya wa misituni wa Ulaya, Apodemus sylvaticus, ni mfano ninaouheshimu. Anapatikana kutoka Skandinavia hadi Afrika Kaskazini, na historia ya jeni zake imechunguzwa vya kutosha kujua makundi yapi ni ndugu wa karibu na yapi yalitengana zamani. Mwaka 2003 Sabrina Renaud na Johan Michaux walionyesha kwamba umbo la taya la panya huyu hubadilika hatua kwa hatua kufuatana na latitudo. Kinachofanya matokeo hayo yawe na nguvu ni kwamba walikuwa na ramani mbili, moja ya umbo na nyingine ya undugu, na waliweza kuuliza kama ramani ya kwanza ni kivuli tu cha ya pili. Majirani hufanana hata pasipo sababu yoyote ya hali ya hewa, kwa kuwa wana babu mmoja, na mtu anayechora mstari wa taya dhidi ya latitudo bila kuhesabu undugu anaweza kuwa amepima jinsi panya walivyosambaa baada ya enzi ya barafu, basi.

Ukubwa una kanuni yake mashuhuri, ile ya Mjerumani Carl Bergmann ya mwaka 1847, isemayo kwamba wanyama wenye damu moto huwa wakubwa zaidi penye baridi, kwa sababu mwili mkubwa una ngozi ndogo ukilinganisha na ujazo wake na hivyo hupoteza joto polepole. Kwa wagugunaji wadogo kanuni hii huyumba. Panya anayeishi shimoni au chini ya theluji haishi katika baridi ile inayoandikwa na kituo cha hali ya hewa, na wingi wa chakula katika msimu wa kukua unaweza kumfanya awe mkubwa au mdogo bila kujali kipimajoto. Ukikuta taya refu zaidi kaskazini, usikimbilie kwa Bergmann kabla hujauliza kulikuwa na chakula kiasi gani.

Niende sasa visiwani, maana huko ndiko tofauti za mahali huwa kubwa na za haraka. Mwaka 1964 J. Bristol Foster alionyesha kwamba wagugunaji wa visiwani huelekea kuwa wakubwa kuliko ndugu zao wa bara, ilhali wanyama walao nyama huelekea kupungua. Mfano uliokithiri ni panya wa nyumbani wa kisiwa cha Gough, katika Atlantiki Kusini, ambao waliletwa na meli za wawindaji wa sili katika karne ya 19 na leo wana uzito wa takriban mara mbili ya wa bara, nao hushambulia hata makinda ya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini. Vizazi vyao vilipofugwa maabara chini ya hali sawa na panya wa kawaida, ukubwa haukutoweka. Hilo ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linajibu swali ambalo kalipa haiwezi kulijibu: tofauti hii imo katika urithi.

Lakini kisiwa pia ni mahali pa bahati nasibu. Panya wachache wakishuka kutoka melini, kisiwa kizima kitarithi walichokuwa nacho hao wachache, kiwe kinafaa au hakifai. Katika Madeira, kisiwa cha Ureno katika Atlantiki, kama Janice Britton-Davidian na wenzake walivyoeleza mwaka 2000, panya wa nyumbani wamegawanyika katika makundi sita yenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, pungufu ya zile 40 za kawaida, kila kundi likiwa upande wake wa milima, na kugawanyika huko kunaelezwa zaidi na kutengana na bahati kuliko na hali ya hewa. Kama bahati inaweza kupanga upya kromosomu, haishindwi kupinda kidogo pembe ya taya.

Katika funguvisiwa la Orkney, kaskazini ya Uskoti, kuna mgugunaji mwingine, voli wa kawaida, Microtus arvalis, ambaye hayupo kabisa katika kisiwa kikuu cha Britania. Alifika Orkney kutoka bara la Ulaya takriban miaka 5,000 iliyopita, akisafirishwa na watu, na mabaki yake yamo katika makazi ya kale yaliyofukuliwa na wanaakiolojia. Kwa hiyo huyu tunaweza kumfuatilia kwa wakati pamoja na mahali, na leo voli wa Orkney ni wakubwa kuliko wa bara.

Kisha kuna Guillou, kisiwa kidogo katika Kerguelen, kusini kabisa ya Bahari ya Hindi. Sungura waliokuwa wameletwa na watu waliondolewa hapo katika miaka ya 1990, mimea ikabadilika, na chakula cha panya kikabadilika pamoja nayo. Renaud na wenzake walipolinganisha panya walionaswa katika miaka tofauti, waliona kwamba umbo la taya lilikuwa limehama katika kipindi ambacho mtafiti mmoja angeweza kukishuhudia katika utumishi wake. Ni utafiti mzuri, na ninaukubali. Hata hivyo, ndani yake swali langu linabaki palepale: katika muda mfupi kiasi hicho, ni sehemu gani ya badiliko iliyopita kwenye jeni, na ni sehemu gani iliyotokea upya katika kila kizazi kwa sababu kila kizazi kilitafuna kitu kipya? Uwezekano wote wawili unaweza kuwa kweli kwa pamoja, na taya peke yake halitoi hesabu ya mgawanyo huo.

Ndiyo maana ninawasihi vijana wanaoanza kazi hii wasilitoe taya peke yake. Gego la panya huundwa likiwa bado ndani ya ufizi, na likishatoka, umbo lake halijengwi upya. Linaweza tu kuchakaa. Taya huendelea kubadilika. Viungo hivi viwili vya kinywa kimoja vinatunza kumbukumbu za aina mbili, na vikipimwa pamoja huanza kusemezana. Renaud na Michaux walifanya hivyo kwa panya wa misituni katika utafiti wa mwaka 2007: barani, mataya na magego yalifuata latitudo kwa pamoja, lakini visiwani kila kimoja kilikwenda njia yake. Kama latitudo ingekuwa inagusa taya kwa njia ya ugumu wa chakula tu, gego lisingekuwa na sababu ya kufuatana nalo namna ile. Na kama kisiwa kingekuwa shinikizo moja linalosukuma kinywa kizima upande mmoja, visingeachana. Matokeo ya namna hii hayapatikani kwa kuongeza idadi ya mataya, hata ukiyapima elfu kumi.

Mtafiti wa wanyama walio hai ana njia nyingine, ambayo ni kuwafuga. Achukue panya wa sehemu mbili, awazalishe chini ya paa moja na chakula kimoja, kisha apime watoto wao. Kilichobaki tofauti ni cha urithi, na kilichotoweka kilikuwa cha mazingira. Ni kazi ya gharama na inahitaji subira, na watu wengi huikwepa kwa sababu makabati ya makumbusho yamejaa mafuvu yanayosubiri kupigwa picha. Siwalaumu sana, kwani mimi mwenyewe nimekaa miaka mingi mbele ya makabati hayo.

Wapo wasioweza kufuga kabisa. Sehemu kubwa ya mabaki ya wagugunaji wa kale hutoka katika mapango, kutokana na madonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi huyatapika baada ya kumeza mawindo yake mazima. Taya la chini huvumilia vizuri safari hiyo, ilhali fuvu huvunjika vipande, na ndiyo sababu mwanapaleontolojia hujikuta akiwa na mamia ya mataya na mafuvu machache mno. Akiona kwamba mataya ya tabaka la chini ni madogo na membamba kuliko ya tabaka la juu, hushawishika kusema kwamba hali ya hewa ilibadilika. Huenda ni kweli. Huenda pia bundi wa tabaka la chini aliwinda zaidi watoto wa panya, au alikaa pangoni msimu mwingine, au nyasi za pale zilikuwa laini. Kabla hajaandika neno "hali ya hewa", ningemwomba atazame kwanza magego yamechakaa kiasi gani, kisha atazame kama umbo la magego nalo limehama. Likiwa limehama pamoja na taya, hoja yake inapata mguu wa pili wa kusimamia. Likiwa halijahama, ajue kwamba huenda amepima mlo.

Ninawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali, hasa kutoka kwa wale waliokuwa wakitikisa vichwa nilipomtaja Bergmann.